Kilomita Nne hadi Ocean Road

Ukitoka Soko la Kariakoo kwa miguu, ukafuata Mtaa wa Uhuru, ukavuka Mnazi Mmoja, ukakatisha Uhindini katikati ya maduka ya vitambaa, kisha ukapita jirani na Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea, utafika lango la Hospitali ya Ocean Road bila kutimiza kilomita nne. Mchukuzi wa sokoni huenda zaidi ya hapo kwa siku moja, tena na gunia begani. Lakini kwa mwanamke aliyegusa kinundu kwenye titi lake, njia hiyohiyo imekuwa ikichukua miezi, na pengine mwaka mzima au zaidi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanawake wapatao 80 katika kila 100 wanaogundulika na saratani ya titi Tanzania hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati umeshasambaa kwapani, kwenye ngozi, kwenye mifupa au mapafu.

Msibani watu husema: mficha maradhi kilio humfichua. Nimeisikia methali hiyo chini ya maturubai mengi ya mji huu, na kila mara hunichoma, kwa sababu inamweka marehemu kizimbani wakati hawezi tena kujitetea. Inasema alijua, akaficha, akafa. Haiulizi angemwambia nani, wala mlango upi ungefunguliwa kama angebisha. Ukiifuata historia ya zile kilomita nne utaona jambo jingine: kabla mwanamke hajauficha mji ugonjwa wake, mji ulikuwa umemficha yeye hospitali.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi iliyoukata mji kwa aina ya nyumba. Mashariki, kwenye upepo wa bahari, zikakaa nyumba za Kizungu zenye vibaraza na bustani. Katikati yakawa maduka na makazi ya Wahindi. Magharibi zikaachiwa nyumba za udongo na makuti. Hospitali nazo zikafuata mpango huo. Ile ya ufukweni, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walijengewa hospitali yao katika miaka hiyohiyo ya 1890 kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ambaye jina lake bado limo mdomoni mwa kila aliyewahi kupeleka uji wa mgonjwa wodi ya Sewahaji pale Muhimbili.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, uwanda wa magharibi ulitumiwa na kikosi cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalitafuna jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Nakumbusha hili kwa sababu mtaa wetu maarufu kwa biashara unabeba jina la watu waliobebeshwa mizigo ya wengine mpaka wakaanguka. Kisha, kati ya Kariakoo na Uhindini, ukatengwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Maradhi ya Waafrika yalipaswa kubaki upande wao.

Ndivyo njia ilivyowekewa ukingo tangu mwanzo. Dawa ya kikoloni ilimfuata Mwafrika alipoonekana kuwa hatari kwa wengine, kwa tauni, ndui na malaria, au alipokuwa nguvukazi iliyodhoofika. Titi la mwanamke wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, aliyekwishamaliza uzazi halikuwa katika hesabu yoyote. Kwa miaka mingi madaktari wa makoloni waliamini kwamba saratani ni nadra kwa Waafrika. Walikuwa hawaioni kwa sababu wenye nayo hawakufika mbele yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Makerere na Hospitali ya Mulago, Kampala, wakaanza kuiandika kwenye daftari, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na picha ikaanza kubadilika.

Wanawake wenyewe hawakuwa watupu wa maarifa. Wazaramo, wenyeji wa mwambao huu, walikuwa na shule ya mwili kabla ya shule nyingine zote. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichosukwa na matiti mawili yaliyochongoka. Alikitunza kama mtoto. Kungwi wake alimfundisha hedhi, usafi, unyumba, uzazi na kunyonyesha, kwa nyimbo na kwa mafumbo ambayo mwanamume hakuruhusiwa kuyasikia. Wazee wa Pwani waliona mbali walipoliweka titi ndani ya mafunzo rasmi, mikononi mwa mwanamke mwenye heshima, tena mahali ambapo binti anaweza kuuliza bila haya.

Ila mafunzo yale yalikuwa ya mlango wa kuingilia uzazi. Saratani ya titi mara nyingi hubisha baadaye, katika miaka ya arobaini na hamsini, wakati mwanamke yeye mwenyewe ndiye kungwi na hana tena wa kumwendea. Hapo ndipo ukimya ulipoanzia. Kinundu kikaitwa jipu, lakini jipu lisilouma, na kwa kuwa hakiumi kikaachwa. Kilipopasuka na kutoa harufu kikaitwa husuda au mkono wa mtu. Mganga alikuwa mtaa wa pili, alizungumza lugha ya mgonjwa, alimkalisha mkekani bila foleni na alipokea malipo kidogo kidogo. Simtetei aliyechanja wembe juu ya saratani. Nasema tu kwamba alikuwa karibu, na hospitali, hata ilipokuwa karibu kwa hatua, ilikuwa mbali.

Na huko hospitali nako palikuwa na la kuogopwa. Tangu mwaka 1882 William Halsted wa Marekani alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Wengi walipona kidonda wakabaki na mkono uliovimba maisha yao yote. Karibu dunia nzima ilifuata upasuaji huo kwa vizazi vitatu. Mwaka 1985 Bernard Fisher na wenzake wakaonyesha kwamba mwanamke aliyewahi, mwenye uvimbe mdogo, anaweza kuondolewa uvimbe ule tu na kupigwa mionzi, akaishi sawasawa na aliyekatwa titi lote. Habari hiyo ilikuwa njema kwa walio na mionzi na waliowahi. Kwa Kariakoo neno lililotangulia kufika lilikuwa moja: watakukata.

Mwaka 1955 jambo lilitokea mitaa hiyohiyo ambalo halikuhusu tiba, ila sijui namna ya kuieleza historia hii nikiliruka. TANU, chama kilichodai uhuru, kilihitaji wanawake, na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, akapewa kazi ya kuwaleta. Hakuanzia ofisini. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma ya lelemama, wale waliokwishajuana, waliokwishaaminiana, waliokuwa na sare zao, michango yao na namna yao ya kuitana. Katika muda wa miezi maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Watawala walidhani wale ni watu wa ngoma tu. Hawakujua kwamba habari inayopita kwenye upatu, arusi na ngoma ya Kariakoo huwahi kuliko inayobandikwa ukutani kwa diwani. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina la Bibi Titi, kwenye ule ule ukingo uliowekwa kuwatenga watu.

Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa kwa haraka. Hospitali ya Princess Margaret, iliyozinduliwa mwaka 1956, ikawa Muhimbili. Mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam. Ocean Road, iliyokuwa ya Wazungu, ikapokea wajawazito wa rangi zote, na wapo watu wazima wa mji huu waliovutia pale pumzi yao ya kwanza. Ingeweza kubaki jina la furaha. Kuelekea miaka ya 1980 zikaanza pale huduma za mionzi, na mwaka 1996 sheria ya Bunge ikaifanya kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayojitegemea, kwa muda mrefu ikiwa kituo pekee cha mionzi kwa nchi nzima. Kigoma, Mtwara, Bukoba na Pemba, wote walielekezwa hapo.

Hapo jina likageuka. Mjini ukisikia fulani kapelekwa Ocean Road, watu wanashusha sauti. Walioingia lango lile walikuwa wamechelewa tayari. Wengi wakarudi kwenye jeneza. Waliobaki mtaani wakaapa kwamba kule watu wanakwenda kufa. Na mwingine mwenye kinundu akakaa nacho mwaka zaidi kwa hofu hiyo. Jengo likabeba lawama ya ucheleweshaji uliotokea mbali nalo. Saratani ya damu ilipomchukua Mwalimu Nyerere huko London tarehe 14 Oktoba 1999, neno saratani liliingia kila nyumba yenye redio, lakini liliingia pamoja na kilio. Hata asili ya neno inatisha: ni la Kiarabu, maana yake kaa, kama Wayunani walivyoita ugonjwa huu kwa jina la kaa kutokana na mishipa inayotambaa kuuzunguka uvimbe kama miguu.

Waliouvunja mzunguko huo, kwa sehemu, walikuwa wanawake tena. Mwaka 1987 madaktari wanawake wakaanzisha chama chao, MEWATA, mwanzilishi akiwa Profesa Esther Mwaikambo, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kuwa daktari. Mwaka 2005, chini ya uongozi wa Dkt. Marina Njelekela, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Muhimbili, chama hicho kikaanza Dar es Salaam kampeni ya kupima matiti, kisha kikaipeleka mikoani. Wanawake walijitokeza kwa wingi, wakapanga foleni juani, na watoto mgongoni.

Tulikuwa tumeambiwa miaka yote kwamba wanawake wetu hawataki kupimwa. Kumbe walikuwa hawajaitwa na mtu wanayeweza kumvulia blauzi. Daktari mwanamke, pazia, mikono yenye joto, salamu kabla ya swali, “Shikamoo mama, umeamkaje?”: hayo yalifanya kazi ambayo mabango hayakuifanya. Ukipenda, unaweza kusema kungwi alikuwa amerudi, safari hii akiwa na koti jeupe.

Lakini kugundua ni nusu ya kwanza tu ya safari. Mwenye kinundu anahitaji kipimo cha picha, kisha sindano ya kutoa kinyama, kisha mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini, kisha majibu, kisha rufaa. Zahanati inamtuma hospitali ya wilaya, wilaya inamtuma Hospitali ya Amana, Amana inamtuma Muhimbili au Ocean Road. Serikali iliweka utaratibu wa tiba ya saratani bila malipo kwa Watanzania pale Ocean Road, na ilikuwa neema kubwa. Ila vipimo vya njiani, nauli na siku za kufunga biashara havikuwa bure. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo anayelipa kodi ya meza kila siku, aliyeambiwa njoo kesho mara tatu, haendi mara ya nne. Hapo hakuficha kitu. Alichoka.

Mambo yamesogea. Mwaka 2018 Ocean Road ilipata mashine mpya za mionzi za kisasa, baada ya miaka mingi ya kutegemea zile za kobalti. Hospitali za Bugando kule Mwanza na KCMC Moshi zikafungua huduma za saratani, na msongamano wa Dar es Salaam ukapungua kidogo. Mwaka 2020 Hospitali ya Aga Khan, jirani ya Ocean Road ufukweni, ikaungana na taasisi hiyo pamoja na Muhimbili na Bugando katika mradi uliolenga Dar es Salaam na Mwanza, ukiwafundisha watoa huduma wa ngazi za chini kuitambua saratani mapema. Hapo, ngazi ya chini, ndipo ninapoweka matumaini yangu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mpango wake wa saratani ya titi uliozinduliwa mwaka 2021, linataka nchi zihakikishe wagonjwa zaidi ya 60 katika 100 wanagundulika hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yatoke ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni, na angalau 80 katika 100 wamalize tiba yao. Kwangu siku 60 ndizo kiini. Zinaihesabia hospitali muda wake, badala ya kumhesabia mgonjwa peke yake.

Na kuna la kusema kwa uaminifu kuhusu kujichunguza mwenyewe, kwa sababu limehubiriwa mno kana kwamba linatosha. Kule Shanghai, kuanzia mwaka 1989, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waliingizwa kwenye utafiti, nusu wakafundishwa vizuri kujipapasa matiti kila mwezi. Baada ya miaka kumi vifo vilikuwa sawa pande zote mbili. Kule Mumbai, kuanzia 1998, zaidi ya wanawake 151,000 wa mitaa maskini waliingizwa kwenye utafiti mwingine. Nusu yao wakapimwa kwa mikono kila baada ya miaka miwili na wanawake wenzao wasio madaktari, waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo ya miaka 20 yalionyesha kwamba saratani za kuchelewa zilipungua, na kwa waliovuka miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Mitaa ile ya Mumbai, yenye vyumba vya kupanga na vibarua, Kariakoo na Manzese wangeielewa bila mkalimani. Mashine ya kupiga picha matiti ni nzuri kwa anayeipata, lakini mikono iliyofunzwa inaweza kufika kila mtaa.

Mwanamke na aujue mwili wake vilevile, kwa utulivu, si kwa hofu. Siku chache baada ya hedhi ndipo titi huwa laini na ni rahisi kuhisi kilicho kigeni. La kutazamwa ni kinundu, hasa kisichouma, ngozi iliyokunjamana au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu au majimaji yasiyo maziwa, uvimbe kwapani. Vinundu vingi si saratani, na kwa sababu hiyohiyo anayekwenda kuonyesha hupata mara nyingi usingizi mzuri. Wanaume nao hupata, japo ni wachache sana, kama mmoja katika wagonjwa 100.

Kariakoo nimesikia pia kwamba ugonjwa unaletwa na hela zinazosokomezwa kwenye sidiria. Hakuna ushahidi wa jambo hilo, wala wa sidiria nyeusi. Mama wa sokoni ana sababu zote za kuweka noti zake mahali ambapo mwizi hataingiza mkono, na asitishwe kwa hilo. Vinavyojulikana kuongeza hatari ni umri, saratani kwa mama au dada, pombe, unene baada ya kukoma hedhi, na kukaa bila kuuchosha mwili. Kunyonyesha hupunguza. Janet Lane-Claypon, daktari Mwingereza, alilionyesha hilo mwaka 1926 kwa kuwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Mwaka 2002 takwimu zilizokusanywa kutoka nchi 30 zikatoa kipimo, kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4.3.

Hapo mafunzo ya kungwi na ya maabara yanakutana, na hapohapo sheria inawaacha wengi nje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na muda usiozidi saa mbili kwa siku kunyonyesha akirudi kazini. Mama lishe au muuza nyanya hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Ananyonyesha juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono mmoja ukirudisha chenji. Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa linalopendeza macho hata leo, lilikusanya maji ya mvua, lilipangiwa ghala na mizani, na mwaka 2021 moto ulipolila taifa zima lilihuzunika na likaanza kulijenga upya. Chumba cha mama kunyonyesha, na kingine ambamo muuguzi angepima matiti siku moja kwa wiki, vingegharimu kidogo sana kando ya hayo.

Kwa sasa kazi hiyo wanaifanya wanawake wenyewe, kwa namna ambayo Bibi Titi angeitambua. Somo wa arusi anayaweka matiti katika mafunzo yake, na safari hii anawageukia pia mashangazi na mama wakwe waliokaa nyuma. Mama wa kikoba anataja siku ya kupima kabla ya kuhesabu hisa. Aliyepona, mwenye titi moja, anavuta kanga pembeni na kuwaonyesha wenzake kovu lake, anawaambia alikwenda Ocean Road na akarudi, tena yuko hapa na anadai hela yake ya mchezo. Kesho yake mwenzake anafunga meza mapema, anapanda gari kuelekea Posta, kisha anamalizia kwa miguu kando ya bahari. Jioni akirudi ana kadi yenye tarehe ya majibu, ameikunja mara nne na kuisokomeza kwenye sidiria, pamoja na mauzo ya siku.